Jicho na Ghuba

Katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, yapata kilomita 60 kutoka mji wa Lodwar, iko ghuba ambayo jina lake msomaji ataliona katika ramani nyingi za Kenya: Ghuba ya Ferguson. Ni mkono wa maji usio na kina kirefu, uliokingwa na ulimi mrefu wa mchanga upande wa ziwa, na karibu nayo upo mji mdogo wa Kalokol. Ngege huzaana humo kwa wingi maji yakijaa. Maji yakipungua, ghuba hugeuka uwanda wa matope makavu, mbuzi wakapita mahali mitumbwi ilipokuwa ikielea. Vitabu vinapoitaja ghuba hii huzungumza habari za samaki, njaa na misaada. Mimi nataka kuitaja kwa ajili ya kitu kidogo zaidi, nacho ni mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho la binadamu, ambayo mingine ni myembamba kuliko unywele. Huenda msomaji akauliza: mishipa ya jicho ina historia gani? Swali ni la haki, tena mimi ni mwalimu wa historia, si tabibu. Lakini watu wakibadili makao, kazi na chakula, mwili huyaandika mabadiliko hayo mapema kuliko waandishi wa vitabu, na ndani ya jicho maandishi yake yaweza kusomwa.

Yafaa basi tuanze na jicho lenyewe. Ukimtazama mwenzako machoni utaiona mboni yake nyeusi kama kisima usiku. Hapo kale ilidhaniwa kwamba ni nyeusi kwa sababu nuru iingiayo humo hairudi. Sivyo. Nuru hurudi, ila hurudi kwa njia ile ile iliyoingilia, na mtu akiinama kuchungulia, kichwa chake mwenyewe huiziba njia. Mwishoni mwa mwaka 1850, Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mji wa Königsberg, naye hajatimiza miaka 30, alikuwa akitafuta namna ya kuwaeleza wanafunzi wake jambo hilo. Akapanga vipande vya kioo kwa mshazari, akaielekeza nuru ya taa ndani ya jicho la mtu, naye akatazama kupitia vioo vile vile. Kiza kikaondoka. Akaona uwanda wenye rangi ya chungwa, na juu yake mishipa myekundu imetawanyika mfano wa mto na vijito vyake. Mwaka 1851 akachapisha maelezo ya chombo chake. Mara kwa mara huwaambia wanafunzi wangu wa ualimu kwamba chombo kile kilizaliwa katika maandalio ya somo, na wengi hudhani natania.

Uwanda ule huitwa retina. Ndio unaopokea sura za vitu na kuzipeleka ubongoni, na kazi hiyo yahitaji damu nyingi bila kukatika. Hapana mahali pengine mwilini ambapo tabibu aweza kuitazama mishipa ya damu waziwazi, ikiwa hai na kazini, pasipo kupasua ngozi. Kwa hiyo mara chombo cha Helmholtz kilipoenea, matabibu wa Ulaya walianza kuona mambo ambayo hawakuyatarajia. Katika macho ya watu wenye maradhi ya figo waliona madoa ya damu na mabaka meupe. Mwaka 1892 na tena mwaka 1898, Marcus Gunn, tabibu wa macho wa London, alieleza jinsi mishipa ya wagonjwa wa namna hiyo ilivyokuwa imekazana na kung'aa, na jinsi ateri ngumu ilivyoubana mshipa wa kurudisha damu kila zilipopandana, mfano wa gogo lililoangukia mpira wa maji.

Msomaji aitazame vema miaka hiyo. Ukanda wa kufungwa mkononi kwa ajili ya kupimia shinikizo la damu ulibuniwa na Mwitalia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, na njia ya kusikiliza mapigo chini ya ukanda huo ilielezwa na Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905. Gunn aliyaona madhara ya shinikizo kabla hakijapatikana kipimo chepesi cha kulipima. Kisha mwaka 1939 matabibu watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliwapanga wagonjwa wa shinikizo la damu katika madaraja manne kwa kufuata hali ya macho yao. Baada ya miaka 3, wagonjwa wa daraja la kwanza waliokuwa wangali hai walikuwa 70 katika kila 100. Wa daraja la nne, ambao mzizi wa neva ya jicho ulikuwa umevimba, walikuwa 6. Siku hizo hazikuwako dawa za kutegemewa za kushusha shinikizo. Tabibu alichungulia ndani ya jicho, akajua ni nani atakayekufa, naye hana la kumfanyia.

Kisukari kina habari yake, tena ya ajabu zaidi. Miaka michache baada ya Helmholtz, Eduard von Jaeger wa Vienna aliona madoa ya manjano na ya damu katika retina ya mgonjwa wa kisukari. Matabibu wengine hawakukubali kwamba kisukari ndicho kilichoyaleta, na ubishi uliendelea kwa muda mrefu. Sababu moja ni kwamba wagonjwa wengi, hasa vijana, walikufa upesi. Jicho halikupata muda wa kuharibika. Mwaka 1921 na 1922, huko Toronto, Banting, Best, Macleod na Collip walitoa insulini katika kongosho za wanyama, na watoto waliokuwa wakingojea kufa wakainuka kutoka vitandani. Ulimwengu ulishangilia, na ulistahili kushangilia. Lakini watu waliookolewa waliishi miaka 15, miaka 20, wakaanza kupofuka. Upofu ule ulikuwa deni la ushindi. Waandishi wa historia ya tiba hupenda kuisimulia siku ya insulini na kuishia hapo. Nadhani wangetutendea haki zaidi kama wangefuata habari za watoto wale hadi utu uzima wao.

Nini hutokea ndani? Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi hudhoofisha kuta za mishipa iliyo midogo kabisa. Mahali penye udhaifu hututumka kivimbe kidogo mno, chenye umbo la tone. Kivimbe huvuja, maji na mafuta ya damu huingia katika retina, na yakifika katikati, mahali pa kusomea na kutambulia nyuso, maandishi hupinda na nyuso hufifia. Mishipa mingine huziba. Sehemu ya retina iliyokosa damu hutoa kemikali za kuita mishipa mipya, nayo mipya huja kweli, lakini ni dhaifu, imeota mahali pasipo pake. Siku moja hupasuka, damu ikamwagika katika ute mzito uliojaza jicho, na mtu akaona wingu jeusi au nyuzi za buibui zikielea mbele yake. Baadaye makovu yaweza kuivuta retina na kuibandua. Shinikizo la damu nalo lina njia yake: ateri husinyaa, kuta zake huwa nene, madoa ya damu hutokea yenye sura ya ndimi za moto. Lile gogo la Gunn likiubana mshipa hadi ukaziba, jicho moja laweza kupoteza nuru kwa ghafula, pengine mtu anaamka asubuhi na kulikuta limekwisha kufifia. Maradhi haya mawili yakikutana katika mtu mmoja, kila moja huzidisha ukali wa jingine. Na karibu katika hatua zote hizo hapana maumivu.

Hapa ndipo habari yetu inapofika Afrika ya Mashariki, na kituo chake cha kwanza ni Kisii. Mwaka 1929 tabibu mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akitumikia hospitali ya Waafrika ya huko, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika 1,000. Ulaya shinikizo lilijulikana kuwa hupanda kadiri mtu anavyozeeka, hata wengi walidhani kwamba ndivyo uzee ulivyo. Kisii haikuwa hivyo. Hadi umri wa miaka 40 hivi watu wa Kisii walikuwa sawa na Wazungu. Baada ya hapo shinikizo lao lilianza kushuka. Tena katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa muda wa miaka 2, Donnison hakumwona hata mmoja mwenye maradhi ya shinikizo la juu.

Vipimo hivyo vilikuwa kazi njema, nami navisifu. Maelezo yaliyofuata ndiyo yenye mashaka. Donnison aliona kwamba Mwafrika alisalimika kwa kuwa hakuguswa na mahangaiko ya ustaarabu, yaani akili yake ilikuwa imetulia. Utulivu gani? Kisii ilipigwa na majeshi ya serikali ya kikoloni mwaka 1905 na tena mwaka 1908, mifugo ikachukuliwa na nyumba zikachomwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza vijana wa Nyanza walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Mwaka 1929 watu walikuwa wakilipa kodi ya nyumba kwa fedha ambayo iliwabidi waitafute mbali na nyumbani. Kama mahangaiko peke yake yangekuwa yanapandisha shinikizo la damu, ukanda wa Donnison ungepasuka. Wengine walikwenda mbali kuliko yeye, wakasema damu ya Mwafrika ina kinga ya asili. Maneno ya namna hiyo yalikuwa na madhara, maana hospitali isiyotarajia maradhi haiyatafuti, na isiyoyatafuta haiyaoni.

Jibu lilichelewa miaka 30 na zaidi. Gerald Shaper, tabibu aliyekuwa Makerere na hospitali ya Mulago huko Kampala, alikwenda kuwapima Wasamburu wa kaskazini ya Kenya, akachapisha matokeo mwaka 1962. Watu hawa waliishi kwa maziwa mengi na nyama, na bado shinikizo lao halikupanda kwa umri, wala mafuta katika damu yao hayakuwa mengi. Kisha yeye na wenzake wakawafuata vijana wa kihamaji walioandikishwa jeshini. Damu ilikuwa ile ile, wazazi wale wale. Kilichobadilika ni maisha ya kambi na chakula cha kambi chenye chumvi nyingi zaidi. Shinikizo lao likapanda. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake walifanya jaribio lililo wazi hata zaidi: waliwapima Wajaluo vijijini Nyanza, wakawafuata waliohamia Nairobi kutafuta kazi. Shinikizo lilianza kupanda katika miezi ya mwanzo kabisa baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi imeongezeka na madini ya potasiamu, ambayo hupatikana katika mboga na matunda, yamepungua. Basi kinga haikuwa katika damu. Ilikuwa katika maisha, na mtu aweza kuiacha nyumbani pamoja na jembe lake.

Sasa twaweza kurudi ghubani. Waturkana ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda katika nchi ambayo mvua haina ahadi. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Wangisonyoka, Waturkana wa kusini, katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nguvu waliyoipata katika chakula ilitoka katika maziwa. Damu na nyama vilijaza pengo, na kiangazi kilipokaza waliuza mnyama wakanunua unga na sukari. Walikuwa wembamba, wakitembea masafa ambayo mimi nisingethubutu kuyatembea. Serikali ya kikoloni iliwashinda kwa bunduki, hasa katika vita vya mwaka 1918, kisha ikaifunga nchi yao, mgeni asiingie pasipo kibali. Lodwar ikawa mahali pa kuwatupia watu ambao serikali haikutaka wasikike: Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini hapo tangu 1959 hadi 1961.

Mwaka ule wa 1961, Kenyatta alipokuwa akiondolewa Lodwar, njaa ilikuwa imeishika nchi. Ukame uliua mifugo, na serikali ikafungua kambi ya chakula penye Ghuba ya Ferguson. Wenye njaa wakaja kwa miguu. Mfugaji asiye na mnyama alihesabiwa fukara kabisa, kwa kuwa mali, mahari na heshima vyote vilikwenda kwa miguu minne. Hapo ghubani wakapewa nyavu na kufundishwa kuvua kwa kuuza, na baadaye wakaundiwa chama cha ushirika. Norway ikaleta msaada, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikamalizika nyumba kubwa ya kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol. Gharama ya kugandisha katika nchi yenye joto lile ilikuwa kubwa kuliko bei ya samaki, na maji safi yalikuwa machache. Mitambo ikafanya kazi siku chache tu. Haukupita muda ziwa likashuka, ghuba ikakauka, na watu walioambiwa wayaache malisho kwa ajili ya maji wakayakosa yote mawili. Mwaka 1990 uhusiano wa Kenya na Norway ulivunjika, wasimamizi wa msaada wakaondoka. Habari hii imekwisha simuliwa sana kwa kejeli, nami sina haja ya kuiongezea.

Swali langu ni jingine. Watu waliotoka katika maziwa wakaingia katika samaki, kisha katika unga, mafuta, chumvi na chai yenye sukari nyingi, mwili wao ulifanya nini? Kwa miaka mingi ningejibu kwa kukisia: kila hatua ya kuyaacha malisho ni hatua ya kuelekea maradhi. Kisio hilo laonekana la akili, lakini mwaka 2020 lilipata pigo. Amanda Lea, Dino Martins, Julien Ayroles na wenzao walichapisha uchunguzi wa Waturkana 1,226 katika mahali 44, kuanzia wahamaji hadi wakazi wa mijini, wakapima shinikizo, sukari, mafuta ya damu, unene na mengineyo. Wahamaji walikuwa na siha njema mno. Ajabu ni kwamba Waturkana walioacha ufugaji lakini wakabaki mashambani, wakichoma makaa, wakisuka vikapu au kufanya biashara ndogo, hawakutofautiana sana na wahamaji. Walioharibikiwa ni wa mijini. Tena aliyezaliwa karibu na mji alichukua hasara zaidi utu uzimani kuliko aliyekwenda mjini akiwa mkubwa.

Maana yake ni nini kwetu? Maana yake mtu wa ghubani, anayevuta wavu tangu alfajiri na kula ngege aliyemvua mwenyewe, yumkini bado yu upande wa usalama. Ghuba ilikuwa kizingiti tu. Hatari imo ndani ya nyumba anayoielekea mwanawe: Lodwar, ambayo tangu mwaka 2013 ni makao makuu ya kaunti na imejaa ofisi, pikipiki na maduka, Kakuma, ambako tangu mwaka 1992 kambi ya wakimbizi imekusanya watu wa mataifa mengi, wakigawiwa unga, mafuta na chumvi, na wenyeji wakiwauzia kuni na makaa kwa kubadilishana na vyakula hivyo, na miji iliyo mbali zaidi, Kitale, Eldoret, Nairobi. Sisemi watu warudi malishoni. Anayesema hivyo kwa kawaida ameketi mjini, ameshiba. Mtoto aliyezikwa katika njaa hakufaidiwa na shinikizo zuri la damu.

Mwaka 2025 wachunguzi hao hao, pamoja na wataalamu wa Kenya, walitangaza jambo jingine katika jarida la Science. Katika urithi wa Waturkana walikuta kwamba jeni iitwayo STC1, ambayo kazi yake imo katika figo, imechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa maelfu ya miaka, kwa kuwa huusaidia mwili kuhifadhi maji. Wakaongeza onyo: kilichokuwa msaada jangwani chaweza kuwa mzigo mjini. Msomaji asifikiri kwamba ile hadithi ya damu imerudi. Donnison na wafuasi wake walizungumza juu ya kinga isiyohitaji uangalizi. Hapa yazungumzwa hatari ambayo huamka maisha yakibadilika.

Upofu si jambo geni katika Turkana. Wazee waliupata kwa maradhi ya trakoma, ambayo watu wengine huyaita vikope: nzi na uchache wa maji huyaeneza, kope hupinda kwa ndani, nazo huikwaruza mboni kila mtu apepesapo jicho. Maradhi yale yana kelele. Mgonjwa hulia machozi, huomba ang'olewe kope, na jirani humwona. Upofu wa mishipa hauna kelele. Mwalimu huendelea kufundisha, dereva huendelea kuendesha, akisoma vibao vya barabarani vizuri kabisa, na nyuma ya jicho vivimbe vinazidi. Siku anapoona mawingu, kazi kubwa ya uharibifu imekwisha kufanyika. Miongoni mwa watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliochunguzwa katika Nakuru mwaka 2007 na 2008, waliokuwa na kisukari walipigwa picha za retina kama wenzao, na zaidi kidogo ya theluthi moja yao walikuwa na dalili za maradhi hayo. Nakuru imelitangulia jangwa katika safari ya mjini kwa miaka mingi. Kwa hiyo hesabu yake yafaa isomwe Lodwar kwa makini.

Dawa ipo, ijapokuwa haiwezi kurudisha kilichokwisha kufa. Mwaka 1976 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulithibitisha kwamba kuichoma retina kwa nuru kali, ambayo leo ni ya leza, hupunguza kwa nusu au zaidi idadi ya watakaopofuka kwa ile mishipa mipya. Tangu miaka ya 2000 zimepatikana dawa za sindano zinazozinyamazisha zile kemikali za kuita mishipa. Na Waingereza walionyesha mwaka 1998 kwamba kwa mgonjwa wa kisukari, kulitunza shinikizo la damu peke yake hupunguza kwa thuluthi moja uwezekano wa maradhi ya retina kuendelea. Hilo la mwisho ndilo linipendezalo kuliko yote, kwa maana leza huhitaji umeme, fundi na tabibu bingwa, na kutoka Lodwar hadi Kitale peke yake ni kilomita zipatazo 300. Lakini ukanda wa Riva-Rocci waweza kubebwa katika mfuko hadi ulimi wa mchanga wa ghubani, na vidonge vya shinikizo ni vya bei ya wastani. Zahanati yenye ukanda, kipimo cha sukari na mhudumu aliyefundishwa imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kulinda macho, hata kama haina taa ya kuyatazamia.

Kuchunguzwa kwenyewe si jambo la kuogofya, nami nakueleza ili uweze kumweleza mzazi au babu mwenye kisukari, ambaye yapasa achunguzwe kila mwaka hata kama anaona vizuri. Mgonjwa hutiwa matone machoni, yanayowasha kidogo, akakaa kivulini kwa muda wa dakika 20 au 30 hadi mboni zifunguke. Kisha huketi mbele ya taa, akaambiwa atazame juu, chini, kushoto, kulia. Au hupigwa picha, na picha yaweza kutumwa kwa bingwa aliye mbali bila mgonjwa kupanda gari. Ni kazi ya muda mfupi. Taabu huja baadaye, kwa sababu mboni hukaa wazi saa kadhaa, maandishi ya karibu hayasomeki, na jua la Lodwar huingia lote pasipo kuzuiwa. Siku hiyo mzee avae kofia yenye ukingo mpana, asiende peke yake, na mjukuu amshike mkono wakati wa kuvuka barabara.